Uso wa Baba Mkwe

Ndandalo, Kyela
Mwezi wa tano, mvua bado zinanyesha

Mdogo wangu Angetile,

Ugonile, mtoto wa mama. Goti lako la kushoto linasemaje? Na vyungu vya msimu huu vimeiva bila kupasuka? Nimeanza na goti kwa sababu Hezroni, huyu mnunuzi wako wa vyungu, ameniambia bado unashuka nalo ziwani asubuhi kuchota maji, kana kwamba hukuzaa mabinti. Acha ujinga huo. Huku kwetu ni wazima kwa kiasi chetu. Mpunga wa upande wa mtoni umelala, uliosimama ni mzuri, kakao inagoma kukauka, mbu wananenepa. Shemeji yako Yakobo anakula, analala na anakasirika, kwa hiyo tunamhesabu kuwa mzima.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ninayo. Ninayo, lakini kwenye simu unanikatiza. Tangu utoto unanikatiza. Karatasi haina mdomo, itakaa kimya mpaka nimalize. Na usiseme nimeandikiwa na mtu. Mkono ni wangu. Darasa la tatu nililoishia linatosha kumgombeza mdogo wangu.

Hezroni amenifikishia maneno yako yote, hakuangusha hata moja njiani. Kwamba dada siku hizi amekuwa mke wa bwana shamba, hawezi kukanyaga udongo wa ufinyanzi. Kwamba arusi ya binti yako Kisa imefika na mimi sijasema naja wala siji. Kwamba nisipokuja, nafasi ya marehemu mama utampa binamu yetu wa Ikombe, yeye ndiye amkabidhi bibi arusi chungu cha kwanza. Angetile! Binamu yule asiyejua hata kukishika chungu, anakishika shingoni kama kuku! Nilikasirika nikashindwa kumaliza ugali. Baadaye nikasema, hajui yaliyonipata huku. Sasa kaa kitako, nyoosha hilo goti, nikueleze kilichonishika.

Shemeji yako unajua alipata kiharusi baada ya Krismasi. Ulikuja, ukamwona, ukalia kuliko mimi, nikakutoa nje. Ulipoondoka mambo yalitulia, ila upande wa kulia ulibaki mzito na maneno yakapotea. Yote, isipokuwa moja. Neno lililobaki kinywani mwake ni "kesho". Umeshiba? Kesho. Wapi panauma? Kesho. Mchungaji alikuja kumwombea, akamaliza vizuri, akamwambia mzee sema amina. Akasema kesho. Mchungaji akaichukua kofia yake akaenda zake.

Utacheka, lakini mtu aliyekuwa anahutubia vikao vya ushirika mpaka watu wanasinzia, akibaki na neno moja, hasira zake zinakwenda wapi? Zinakwenda kwenye mkono wa kiti. Anapiga, anapiga, sisi tunakimbia na blanketi, na maji, na mkongojo, navyo vyote sivyo. Wiki nzima ilikuwa hivyo.

Tukampeleka tena hospitali. Kule kuna binti wa mazoezi ya viungo, anaitwa Anyosisye, mdogo, mwembamba, lakini akisema hageuzi. Akaniambia ninunue daftari lisilo na mistari na penseli. Kila siku nichore kitu kimoja cha nyumbani kwetu, kitu chenyewe, kile anachokiona mzee kila siku, nisiige cha kitabuni. Siku moja kitu kimoja. Nisifute. Nisichane ukurasa hata ukiwa mbaya. Mzee awe anaonyesha kwa kidole anachotaka, na mkono wake wa kushoto ukipona aibu, naye achore. Nikamwambia mwanangu, mimi nina mpunga wa kupepeta na mgonjwa wa kugeuza, wewe unanipa kazi ya chekechea? Akanijibu kwa upole kwamba chekechea hawana bibi mkali kama mimi, ndiyo maana wanajua kuchora. Nikanunua daftari.

Cha kwanza kilikuwa kikombe, kile cha bati chenye jicho jeusi palipobanduka rangi. Nikakaa barazani, ulimi nje, nikachora. Kilipokwisha kilikuwa ndoo iliyopigwa teke na ng'ombe. Nikamwonyesha shemeji yako. Akakitazama kikombe, akalitazama daftari, akanitazama mimi, halafu mdomo ukapanda upande mmoja. Alikuwa anacheka, Angetile. Tangu augue hakuwahi kucheka, na alichoanzia ni mimi. Nikamwambia cheka vizuri, kesho utakiona kikombe. Naye akaniitikia kwa furaha, kesho!

Basi nikaapa. Unanijua nikiapa. Lakini kuapa ni rahisi. Kukaa kila siku ndiyo kazi, maana siku ya tatu mvua inanyesha ndani ya jiko, siku ya nne kuna msiba jirani, na penseli nayo ina miguu, huwa haionekani unapoihitaji. Nikaifunga kwa uzi kwenye mkono wa birika. Hunywi chai mpaka umeigusa, na ukishaigusa unaona aibu. Ikawa hivyo: chai yangu pembeni, daftari gotini, kitu mbele yangu, kabla sijashika ufagio. Nikachora ungo. Nikachora mwiko, kata ya maji, jembe la mwanangu Amon lenye mpini uliopinda, tunda la kakao, kofia ya mzee ile pama, kandambili zangu zenye mkanda niliouunga kwa waya. Siku nyingine kibaya, siku nyingine kibaya zaidi. Sikuchana.

Nikuambie kitu usinicheke. Nilikumbuka mama alivyokuwa anatuambia, tazama chungu kizima kabla hujagusa udongo. Mimi nilidhani ni maneno ya kutuchelewesha tusiende kuogelea. Kumbe! Ule ungo nimeupepetea miaka na miaka, sikuwahi kuona kwamba aliyeusuka alikosea mstari karibu na ukingo akarudi nyuma. Nimeuona juzi, kwa penseli. Nikamwonea huruma mtu yule, sijui hata nani. Tunaishi na vitu kama tunavyoishi na waume, tunajua vilipo tu.

Shemeji yako naye akaanza. Asubuhi moja akapiga mkono wa kiti, tukampelekea daftari, akafungua kurasa zote hakuona anachotaka. Akaichukua penseli kwa mkono wa kushoto. Akachora sanduku refu na mstari mmoja ukitoka juu. Tukamzunguka. Amon mwanangu akasema ni nyumba na bomba la moshi. Mimi nikasema dirisha. Wifi yangu mkubwa, dada yake mzee, akalitazama lile sanduku, akajishika kichwa, akaanza kulia kwa sauti kwamba kaka yake ameshachora jeneza lake na msalaba wa kusimika. Majirani wawili wakaingia na kanga zimefungwa kiunoni tayari kwa msiba. Mzee anatutazama, macho yamemtoka, anasema kesho, kesho! Wifi ndiyo akazidi, amesikia mwenyewe, ni kesho! Angetile, ilikuwa redio. Redio na waya wake wa kunasia mawimbi. Alitaka kusikia habari. Tulipoiwasha akafumba macho kama mtu aliyeokolewa na mamba.

Sasa nikueleze kuhusu mkwe wangu Lusungu, mke wa Amon, maana hapo ndipo mguu wangu uliponasa.

Unakumbuka nilivyoolewa huku kutoka kwetu ziwani sikujua mila yao ya kumcha baba mkwe. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hakutani naye njiani, hatamki jina lake, hakai alipokaa. Siku hizi wengi wameilegeza, na hata kanisani hawaiulizi tena. Lakini Lusungu amelelewa na bibi yake, na bibi yule alikuwa na mila kama chumvi. Lusungu hajawahi kuuona uso wa shemeji yako. Tangu aolewe! Wanaishi ua mmoja, anamjua kwa kikohozi na kwa viatu. Akisikia mkongojo anaingia migombani. Na mzee naye akisikia vyungu vinagongana anakohoa ili mtoto wa watu apate kupita. Walikuwa wanaheshimiana vizuri sana mpaka ugonjwa ulipoingia.

Amon mchana kutwa yuko Kasumulu anapakia malori, anarudi jioni kumwogesha baba yake. Mchana anabaki nani? Mimi. Nikienda shamba nani ampe maji? Nikienda sokoni nani amsogezee kiti jua likihama? Ndiyo maana sikusema naja wala siji. Siku nne kwako ningeziiba wapi?

Daftari ndilo lilitufungulia mlango, na wala si mimi niliyebuni, ni wao wenyewe. Amon alifunga kengele ya baiskeli kwenye mkono wa kiti. Siku moja nimechelewa shambani, mzee kiu imembana. Akafungua ukurasa wa kikombe, akaliweka daftari juu ya kigoda upande wake, akajifunika uso kwa pama, akapiga kengele. Lusungu akaja kwa nyuma, macho chini, akaona ukurasa, akaleta maji, akayaweka juu ya kigoda, akakimbia. Aliposikia kikombe kimerudishwa akaja kukichukua. Niliporudi nikakuta wamefanya hivyo mara tatu na hakuna aliyemtazama mwenzake. Mzee amekunywa, amehamishiwa redio, amepewa hata ndizi. Nikasimama na jembe langu begani kama mgeni.

Ikawa desturi. Kengele, pama usoni, daftari kigodani. Lusungu naye akaanza kuuliza kwa daftari. Anachora chungu cha ndizi upande huu na sufuria ya wali upande huu, anaondoka, mzee anagusa mkaa kwa kidole, anaacha alama kwenye anachotaka. Huyu binti alikuwa hajawahi kumwambia baba mkwe wake hata neno, sasa wanapangiana chakula! Nikasema moyoni, Tusajigwe, arusi utakwenda. Nikatoa ile kanga yako uliyonipa, nikaipiga pasi.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Nilikuwa nimechora nyumba nzima, vitu vimekwisha. Asubuhi ile nimekaa na chai yangu, natafuta cha kuchora, na shemeji yako yuko mbele yangu amesinzia kitini, kichwa kimeegemea nguzo, masikio yale makubwa yamesimama kama mikono ya chungu. Mkono wangu ukaanza wenyewe. Nilimtazama mzima kabla ya kugusa karatasi, kama mama alivyosema. Ikatoka, Angetile. Ikatoka! Mikunjo ya paji, kidevu kilicholegea upande mmoja, macho yaliyofumbwa kwa ukaidi kana kwamba hata usingizi anaubishia. Kwa mara ya kwanza kitu nilichokichora kilikuwa chenyewe. Nikaliacha daftari wazi kigodani ili wino wa moyo wangu ukauke, nikaenda zangu sokoni Bondeni kuuza mchele.

Narudi, nasikia kengele tangu barabarani. Kriling, kriling, haikomi. Nakuta mzee na pama usoni, amekauka kwa kiu, na Lusungu hayuko. Nikamtafuta mpaka kwenye kakao. Amechuchumaa chini ya mti, kanga kichwani mpaka puani. Nikamuuliza nyoka? Akasema, mama, nimemwona. Umemwona nani? Akasema, baba. Yuko kwenye karatasi.

Nilitaka kucheka, nikaona machozi yake ni ya kweli. Nikamwambia ni penseli tu ile. Akasema mama, nilikuja nikitazamia kikombe, nikakutana naye uso kwa uso.

Tukaita wifi, maana mambo ya ukoo wao ni yake. Wifi akaketi, akavuta ugoro, akapiga chafya, akaanza kesi. Amon akasema kwenye picha baba amefumba macho, kwa hiyo yeye hakumwona mkwe wake, kosa ni nusu. Lusungu akajibu kwa nyuma ya mlango kwamba baba mkwe aliyelala ni baba mkwe vilevile. Amon akasema basi tuuchane ukurasa. Nikamwambia chana kwanza mkono ulioushika ukurasa huo, binti wa mazoezi alikataza. Mwishowe wifi akatoa hukumu yake. Akasema picha inaweza kuwa mtu na inaweza isiwe mtu, hata yeye macho yake ya karibu hayaoni. Aliyechora ndiye anayejua alichokichora. Kama mama Amon atasema si yeye, basi hakuna aliyemwona mtu, Lusungu arudi kazini, na kila mmoja akale. Kama atasema ndiye, basi binti asiliguse tena daftari mpaka ukoo ukae, na ukoo utakaa baada ya mavuno.

Wote wakanigeukia. Maneno mawili tu, Angetile. Si yeye. Nikafungua mdomo, nikaitazama ile picha. Nikanyamaza. Wifi akaniuliza tena. Nikasema chai inachemka, nikaingia jikoni. Hakukuwa na chai.

Basi tukarudi tulikotoka. Lusungu hakanyagi baraza. Mimi nimefungwa kitini kama mbuzi, siendi shamba, siendi soko, na Hezroni ndipo akaja na maneno yako ya mke wa bwana shamba. Amon hakunisemesha, alikuwa anakula na kutazama ukuta. Kanga niliyoipiga pasi nikaikunja nikairudisha sandukuni. Kuchora sikuacha, kwa sababu ya uzi kwenye birika, lakini nilichora vitu vya hasira: shoka, kisu, mtego wa panya.

Mzee alikuwa anatazama yote. Watu wanasahau kwamba asiyesema anasikia. Juzi asubuhi, kabla sijagusa chai, akanyoosha mkono wa kushoto akavuta uzi wa penseli, birika nusura linimwagikie. Akafungua daftari, akapitisha kurasa mpaka kwenye uso wake mwenyewe. Akautazama sana. Nikadhani anaupenda kama ninavyoupenda mimi. Halafu akaweka penseli juu yake.

Nikapiga kelele. Hakunisikiliza, lini aliwahi kunisikiliza? Akachukua yale masikio, akayazungushia, yakawa mikono. Akapita juu ya paji kwa mstari mzito, ukawa mdomo wa chungu. Kidevu kilicholegea akakijazia kikawa tumbo. Ile mikunjo na macho yaliyofumbwa akayafuata pole pole, akayapigia vimistari pembeni, yakawa nakshi, zile zile za kwetu, zile unazokwangua kwa ganda kabla udongo haujakauka. Hajawahi kufinyanga, lakini miaka yote hii amekula kwenye vyungu vyako. Mwisho akaweka mafiga matatu chini. Akaliweka daftari kigodani, akajifunika pama, akapiga kengele mara moja.

Ilibidi nikaongee na Lusungu dirishani. Nikamwambia ule ukurasa una chungu. Akasema mama unanidanganya. Nikamwambia mimi siongopi, mimi nanyamaza, hujaona? Akaja kwa nyuma, kanga usoni, ameacha jicho moja. Akainama. Akatazama. Kwanza bega likaanza kucheza, halafu kicheko kikamtoka, kicheko kikubwa cha mtu mzima, sijawahi kukisikia katika ua huu. Na kule chini ya pama, kiti kikaanza kutikisika. Baba mkwe na mkamwana wanacheka pamoja, kila mmoja amejifunika, na mimi katikati nimeshika birika! Wifi alipoletewa habari akasema chungu hakina ukoo, kesi imekwisha. Mchana Lusungu akapika ndizi za mbalaga akaziweka kigodani, na mzee akazimaliza.

Mimi picha yangu ndiyo imekufa hivyo. Sijachora nyingine kama ile na sijui kama nitaweza. Namlaumu na simlaumu.

Sasa, mtoto wa mama, nikuambie ambalo sijamwambia mtu hapa, na Hezroni akikuuliza barua inasemaje mwambie inahusu kakao. Niliponyamaza mbele ya wifi haikuwa majivuno peke yake. Majivuno yalikuwepo, nusu kibaba. Lakini lilikuwepo lingine. Siku ile niliporudi shambani nikamkuta amekunywa, ameshiba, redio inaimba, na mimi sikuhitajika kwa lolote. Tangu augue mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Akipiga kiti watu wananiuliza mimi, anasemaje? Nikiwa na uchovu, nikiwa nimelia jikoni, bado nilikuwa najua: bila mimi huyu mtu hana neno. Nikaogopa, Angetile. Nikienda kwako siku nne na kurudi nikamkuta hajanikosa, nitakuwa nani? Bibi wa kupepeta mchele. Kwa hiyo wifi aliponipa maneno mawili ya kunifungua, sikuyataka. Niliona heri nifungwe.

Sikumwambia shemeji yako. Ningemwambiaje? Lakini jana asubuhi, chai ikiwa mezani, akavuta tena ule uzi. Nikasema ni redio. Hakuchora redio. Akachora taratibu, jasho linamtoka puani. Akachora kandambili mbili. Zangu. Nilijua ni zangu kwa sababu aliweka waya kwenye mkanda, akauzungusha mara mbili kama nilivyouzungusha. Na mbele ya kandambili akachora barabara, na mwisho wa barabara mistari ya mawimbi. Vidole vinaelekea ziwani.

Nikamwambia, yaani unanifukuza? Nikainuka. Nilikuwa nimekasirika kweli, machozi yako karibu. Akanishika kanga kwa mkono wa kushoto, akanivuta nikakaa. Akafungua ukurasa mwingine. Akachora kandambili zile zile, waya ule ule. Nyuma yake mawimbi. Mbele yake akachora kigoda, na kiti chenye kengele, na pembeni birika lenye penseli inaning'inia. Vidole vinaelekea nyumbani. Halafu kidole chake akakiweka kwenye ukurasa huu wa pili, hakukitoa. Nikasubiri akitoe. Hakukitoa mpaka chai ikapoa.

Sitaandika zaidi hapo, karatasi yenyewe umeona imelowa, tuseme ni mvua.

Kwa hiyo nakuja. Mwambie binamu wa Ikombe akae kwenye jamvi na wenzake. Nitafika siku mbili kabla ya arusi barabara ikikubali, na isipokubali nitashuka nitembee. Chungu cha kwanza cha Kisa nitakikabidhi mimi, kwa mikono miwili, chini ya tumbo, kama mama. Nichagulie kisicho na ufa, nitakigonga nikisikilize mbele za watu, usije ukaaibika. Niandalie visamaki vyetu vya ziwani, usipa wa kukaanga, na usitie chumvi kama unalisha ng'ombe. Penseli nakuja nayo, nitaifunga kwenye birika lako. Kila siku ya arusi nitachora kitu kimoja cha kwako, mzee ameniagiza kwa kuligonga kwa kidole daftari jipya aliloninunulia Amon: jiwe lako la kusugulia vyungu, mtumbwi wa mumeo, viatu vya bwana arusi, na wewe na goti lako ukitulia. Wewe huna mkwe anayekucha, naweza kukuchora uso.

Wasalimie wote: bwana arusi mwambie nimemwangalia kwenye simu ya Amon, ana masikio madogo, lakini si kosa lake. Msalimie Kisa, mwambie chakula cha kwanza atakachopika kisizidi kiasi, mume akizoea kushiba siku ya kwanza atamdai maisha yote. Wasalimie wote wa huko ziwani wanaoniuliza. Lusungu anakusalimu, ameandika jina lake hapa chini kwa kuchora mwiko. Shemeji yako anakusalimu, nimemuuliza nikuambie nini, unajua alichojibu.

Ndaga fijo, asante sana kwa maneno yako makali, yalinichoma mahali panapostahili. Lala vizuri, paka goti mafuta.

Mimi dada yako uliyemfuata tumboni,
Tusajigwe, mama Amon

Neno la mwisho. Amon ameninunulia viatu vipya vya arusi, vya kufunga, vinang'aa. Nimevishukuru nikaviweka sandukuni. Nitakuja na kandambili zile zile za waya, maana ndizo alizozichora. Usinicheke mbele ya wakwe.